Goma: Kocha msaidizi apimwe kwa kazi, si kwa kule alikotoka

Tangu wiki mbili, mashabiki wa klabu moja ya mpira mjini Goma hawasikilizani. Timu haijapoteza mechi kubwa, wala hakuna mchezaji aliyeuzwa. Kinachowagombanisha ni kiti kimoja cha benchi. Kocha mkuu ameomba apewe msaidizi, na komite ya klabu imebaki na majina mawili mezani. Kwenye parkingi ya wamotari pale Ndosho, kwenye vibanda vya kuchajisha simu huko Majengo, hata kwenye foleni ya maji kambini, watu wanaulizana swali moja: nani atakaa pembeni ya kocha?

Jina la klabu halitajwi hapa, na majina ya wale makocha wawili vilevile, kwa sababu komite haijatoa uamuzi na hakuna sababu ya kuharibu sifa ya mtu kabla ya wakati. Lakini mabishano yenyewe yamefika mahali ambapo kunyamaza si vizuri.

Wa kwanza ni mchezaji wa zamani wa klabu hiyo. Alivaa jezi yake miaka mingi, alifunga mabao ambayo wazee wangali wanayasimulia, na mpaka leo hakosi uwanjani siku ya mechi. Hajasomea ukocha, lakini kila Jumamosi anaenda kuwaangalia vijana wa timu ya pili na kuwapa mashauri bila kulipwa hata franga moja.

Wa pili alifika Goma na familia yake akikimbia vita, kama maelfu ya watu wa Rutshuru na Masisi. Kule alikotoka alikuwa akifundisha timu ya mtaani na timu ya shule. Alipofika kambini hakukaa bure. Alikusanya watoto, akatafuta sehemu ambayo mawe ya volkeno si makali sana, akaanza kuwafundisha kwa mpira wa masashe yaliyofungwa na kamba. Baadaye msamaria fulani aliwaletea mpira wa kweli. Vijana kadhaa waliopitia mikononi mwake walikwenda kujaribiwa katika ile klabu, na kocha mkuu aliona kwamba wanajua kujipanga, wanajua kurudi nyuma mpira ukipotea, na hawagombani na refa. Akauliza ni nani aliyewafundisha. Ndipo jina la yule papa lilipoanza kutajwa.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Kila klabu duniani inabishana juu ya makocha wake, na shabiki asiyebishana si shabiki. Ubaya umeanza katika maneno yanayotumiwa.

"Siye tunataka mutoto wa timu," alisema motari mmoja kijana pale Ndosho, wenzake wakimuunga mkono. "Ule mwingine eko mutu wa kambi. Vita ikiisha kesho anarudia kwao. Tutabakia na nani?"

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri pikipiki alimgeukia taratibu. "Mutoto yangu, we ulizaliwa hapa Goma. Lakini baba yako alitoka wapi?"

Kijana alicheka, wengine wakacheka, na mazungumzo yakaendelea. Lakini swali la yule mzee ndilo lenye kubeba jambo lote. Goma ni mji wa watu waliokuja. Wako waliokuja kwa biashara, wako waliokuja kwa masomo, wako waliokuja na mizigo kichwani usiku, risasi zikilia nyuma yao. Hata wenyeji wenyewe wanajua kuhama ni nini: Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji, na mwezi wa Mei 2021 watu wengi walilazimika kutoka, wengine wakielekea Sake, wengine wakivuka kwenda Rwanda. Siku hizo mtu wa Goma ndiye aliyekuwa akiomba mahali pa kulala. Aliyemfungulia mlango hakumuuliza kwanza atarudi kwake lini.

Ndiyo maana neno "mtu wa kambi", likitumiwa kumkataa mtu kazini, halibaki kwenye benchi la mpira. Linatembea. Linafika mpaka kambini, kwa sababu watu wa kambini wana redio, wana simu, na wanapenda mpira kama wengine wote. Mama mmoja anayeishi kambini, ambaye mtoto wake anafundishwa na yule kocha, alisema hivi: "Batoto balisikia ile maneno. Wa kwangu akaniuliza: mama, kama kocha hawezi kufundisha timu ya Goma kwa sababu eko mukimbizi, na siye tutaweza kucheza?" Mama huyo alisema hakuwa na jibu.

Kwa mtoto aliyeacha shule, aliyeacha shamba la baba yake, aliyeacha hata jina la kijiji chake likigeuka kuwa jina la mapigano, mpira ni moja ya milango michache iliyobaki wazi. Uwanjani haulizwi kadi ya chakula. Anaulizwa kama anaweza kukimbia. Mashabiki wakifunga mlango huo kwa maneno, hata bila kukusudia, wanamwambia mtoto kwamba atabaki mtu wa hema hata akiwa na jezi.

Sasa, wale wanaomtaka mchezaji wa zamani si watu wabaya, na hoja zao si za kutupwa. Wanasema mambo matatu. La kwanza, kwamba anaijua klabu na anaipenda. La pili, kwamba yule mwingine anaweza kuondoka wakati wowote. La tatu, kwamba hana karatasi. Kila moja linastahili jibu.

Kupenda klabu ni jambo kubwa, na mpira wa Congo una mfano wake. Pamphile Mihayo alikuwa mchezaji wa TP Mazembe. Alikuwa uwanjani Abu Dhabi mwezi wa Desemba 2010, siku Mazembe ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu na Inter ya Milano na kufungwa 3 kwa 0. Alipoacha kucheza hakupewa timu kubwa siku ileile kama zawadi. Alipitia benchi, akafanya kazi, na katika mwaka 2017 ndiye aliyekuwa kocha Mazembe ilipochukua Kombe la Shirikisho la CAF mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini. Kwa hiyo mtoto wa klabu anaweza kuwa kocha mzuri. Hakuna anayelikataa hilo. Lakini hakufika pale kwa sababu ya mabao na pasi za zamani peke yake. Alijifunza kazi ya pili.

Na mpira uleule wa Congo una mfano wa upande mwingine. Mazembe ya 2010, iliyoifunga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 Lubumbashi katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, ilikuwa ikiongozwa na Lamine N'Diaye, mtu wa Senegal aliyefika katikati ya safari, baada ya Diego Garzitto kuondoka. Hakuzaliwa Kamalondo. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza atarudi lini Senegal wakati kombe lilipokuwa likipita barabarani. Watu walimpima kwa kile alichofanya.

Mihayo wa ndani, N'Diaye wa nje, na wote wawili walileta makombe. Maana yake ni kwamba swali la ndani au nje halisaidii kitu. Halionyeshi nani anajua kazi. Linaonyesha tu nani ana marafiki wengi kwenye parkingi.

Juu ya hoja ya pili, kwamba mtu wa kambi ataondoka: ni kocha gani asiyeondoka? Makocha wa mpira wanaondoka kila msimu, wengine wakifukuzwa, wengine wakiitwa mahali penye mshahara mzuri. Mwinyi Zahera, Mkongomani, alikuwa akifundisha Yanga ya Dar es Salaam katika mwaka 2018 na wakati huohuo alikuwa msaidizi wa Florent Ibenge katika timu ya taifa, Leopards. Mtu mmoja, kazi mbili, nchi mbili. Kilichowezesha hayo ni mapatano yaliyoeleweka na kila upande. Dawa ya hofu ya kuondoka ni kontra iliyoandikwa: inaanza lini, inaisha lini, na anayetaka kuondoka anatoa taarifa siku ngapi kabla. Kontra kama hiyo inafaa kwa mtu wa kambi, na inafaa vilevile kwa mchezaji wa zamani, ambaye naye kesho anaweza kupata kazi Kinshasa au Lubumbashi.

Na mtu akitaka kujua kama wenye kukimbia vita wanaweza kufanya kazi ya mpira kwa uaminifu, aangalie Sudan. Tangu vita ilipoanza kule mwezi wa Aprili 2023, klabu ya Al Hilal ya Omdurman haikuweza kubaki nyumbani kwake. Ilipokea wapinzani wake wa Ligi ya Mabingwa Dar es Salaam, kisha ikahamia Mauritania, na huko ikaruhusiwa hata kucheza katika ligi ya nchi hiyo. Kocha wake katika safari hiyo yote alikuwa Mkongomani, Florent Ibenge yuleyule aliyechukua nafasi ya 3 na Leopards katika CAN ya 2015 na kombe la CHAN 2016 kule Kigali. Klabu nzima ilikuwa mkimbizi, na ilipata watu wa kuipokea. Mkongomani aliiongoza, na Wakongomani walijivunia. Basi inakuwaje papa mmoja aliyekimbia kutoka Rutshuru hadi Goma, ndani ya jimbo lake mwenyewe, aonekane mgeni kuliko Wasudani waliokuwa Nouakchott?

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi: karatasi. Ukocha una vyeti vyake. Vile vya CAF vinapanda kwa ngazi, D, C, B, A, na mtu hawezi kuongoza timu kubwa katika mashindano ya Afrika kwa kusema tu kwamba anapenda mpira. Yule papa wa kambini anasema alifanya mafunzo kabla ya vita, na cheti kilibaki nyumbani siku walipokimbia. Kuna mashabiki wanaocheka: "Kila mukimbizi aliacha diplome." Kicheko hicho ni kibaya. Mtu anayekimbia usiku anachukua mtoto mdogo, sufuria na godoro kama linabebeka. Walimu wako kambini bila brevete zao, wauguzi wako kambini bila vyeti vyao, na wanajua kazi yao.

Lakini komite nayo haiwezi kuamini neno tupu, na ina haki. Njia iko. Mafunzo ya makocha hayafanywi msituni. Yanapitia ligi ya jimbo, Lifnoki, na shirikisho la taifa, FECOFA. Walioshiriki wanaandikwa. Komite iandike barua, iulize. Jibu likija kwamba jina lipo, mjadala umekwisha. Likija kwamba halipo, papa ajulishwe mbele ya watu wachache, kwa heshima, na aelekezwe kwenye mafunzo mengine. Na swali hilohilo la karatasi liulizwe kwa mchezaji wa zamani, maana naye hana. Haifai mmoja adaiwe cheti na mwingine adaiwe kumbukumbu.

Kuna jambo moja ambalo mashabiki wengi hawalisemi katika kelele hizi zote: kocha msaidizi anafanya kazi gani? Wengi wanafikiri ni mtu wa kubeba chupa za maji na kupiga kelele pembeni ya kocha. Wengine wanafikiri ni heshima ya kumpa mkongwe, kama kiti cha mbele kwenye harusi. Sivyo. Msaidizi ndiye anayefika uwanjani kwanza kupanga mazoezi. Ndiye anayewatia wachezaji joto kabla ya mechi, anayefuatilia aliyeumia goti, anayekwenda kutazama mpinzani wa wiki ijayo akicheza. Ndiye anayesikia mchezaji akinong'ona kwamba hajala tangu jana, jambo ambalo hatathubutu kumwambia kocha mkuu. Na tangu 2019, sheria za mpira zinamruhusu refa kumwonyesha hata kocha kadi nyekundu. Siku kocha mkuu akitolewa dakika ya 60, msaidizi ndiye mwenye timu.

Kazi ya namna hiyo inapimika, na ndipo ulipo ushauri wa kweli kwa komite. Wape wote wawili nafasi ya kuonyesha. Wiki moja huyu aongoze mazoezi, wiki moja yule, kocha mkuu akitazama na kuandika. Mmoja apewe kazi ya kutazama mpinzani na kuleta ripoti, na mwingine vilevile. Waulizwe wachezaji, kila mmoja peke yake, bila majina kuandikwa. Wajumbe wa komite waone kwa macho yao ni nani anayefika saa mbili kamili, nani anamjua mchezaji wa akiba kwa jina, nani anaeleza zoezi likaeleweka mara ya kwanza. Baada ya hapo uamuzi usomwe mbele ya wanachama pamoja na sababu zake. Mchezaji wa zamani akishinda namna hiyo, mtu wa kambi hatakuwa na sababu ya kulia kwamba alionewa. Mtu wa kambi akishinda, hakuna atakayesema alipewa kwa huruma.

Maana huruma nayo ni mtego. Wako mashabiki wanaosema achukuliwe yule papa "kwa sababu anateseka". Hapana. Mtu akipewa kazi kwa kuhurumiwa, siku timu ikifungwa mara mbili atafukuzwa kwa dharau, na maneno yatakuwa makali kuliko ya leo. Yeye mwenyewe hakuomba huruma. Kwa kauli yake fupi, akiwa amesimama kwenye kile kiwanja cha mawe na watoto wakimsubiri: "Banitazame kazi. Nikishindwa, narudia kwa batoto bangu."

Komite isisahau pia hao watoto. Akichukuliwa, nani atabaki nao? Jioni moja au mbili kwa wiki zingeweza kuandikwa ndani ya kontra yake, ziwe za kambi, na vijana wa timu ya pili wa klabu waende naye. Klabu ingepata wachezaji, kambi ingepata mazoezi, na mtoto wa Majengo angekutana na mtoto wa kambi uwanjani kabla ya kusikia habari zake kwenye parkingi. Na kama ni mchezaji wa zamani atakayechukuliwa, mpango huo usife. Kumpa yule papa kazi ya kutafuta vipaji kambini, kwa malipo yanayojulikana hata yakiwa madogo, si jambo linaloshinda klabu. Vilevile, atakayekosa kati yao, kama ni mkongwe, asaidiwe aanze mafunzo ya ngazi ya kwanza. Miaka aliyotoa bure kwa vijana haistahili kuishia kwenye ugomvi.

Kwa mashabiki, ombi ni dogo. Bishaneni. Sema huyu anacheza mfumo mbaya, sema yule hajui kubadilisha mchezaji, sema sauti yake haifiki upande wa pili wa uwanja. Hayo ni maneno ya mpira. Lakini kijiji cha mtu, lugha anayozungumza na mke wake, na hema analolala havifungi bao wala havizuii. Katika mkoa huu, watu wamekufa kwa sababu ya kuulizana nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Uwanja wa mpira umekuwa moja ya mahali pachache ambapo swali hilo lilikuwa limepumzika. Anayeliamsha kwa ajili ya kiti cha msaidizi hajui anachocheza nacho.

Wanachama wa klabu watakutana na komite katika siku zijazo. Yule mzee wa Ndosho amesema atakwenda, na atakaa mstari wa mbele. Yule motari kijana naye amesema atakwenda. Alipoulizwa kama angali na msimamo wake, alikuna kichwa, akawasha pikipiki, akasema: "Mzee yangu alitoka Walikale. Sikuwaza ile."